Jinsi ya kuona ndege, okidi na uyoga kandokando ya Themi

Wadau wa Arusha, sio lazima ulipie geti la hifadhi ndo uone vitu vya maana. Mto Themi unashuka kutoka Mlima Meru unakatiza mjini kabisa, na kwenye kingo zake bado kuna mikuyu na miringaringa ya zamani, na sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo hiyo miti ina haki yake ya kuwepo pale.

Usiende mbali. Chukua kipande kifupi tu halafu ukirudie kila mara mpaka uujue kila mti.

Ndege anza nao asubuhi kwenye saa kumi na mbili na nusu, kabla bodaboda hazijachangamka. Simama kimya kwanza, sikiliza. Hondohondo, yule mwenye mdomo mkubwa, utamsikia mabawa kabla hujamwona, mfuate kwenye mkuyu wenye matunda. Mdiria, yule mvua samaki, anakaa tawi la chini juu ya maji, akiruka usimkimbilie, subiri, mara nyingi anarudi palepale. Fundichuma ni wa kahawia, kisogo kimechongoka, na kiota chake cha vijiti ni kikubwa mno huwezi kukikosa. Oktoba mpaka Aprili ongeza na mbayuwayu waliotoka Ulaya.

Okidi sasa, yale maua yanayoota juu ya miti, hapa ndo watu wengi wanapita bila kuona kitu maana wanaangalia chini. Angalia juu, kwenye matawi manene ya miti mizee yenye gome la kukwaruza. Tafuta majani magumu yaliyojipanga na mizizi minene ya kijivu imeshika gome kwa nje, mvua ikinyesha ile mizizi inageuka kijani. Nyingi zina maua meupe yenye mkia mwembamba kwa nyuma, asali iko humo, na harufu inatoka jioni kwa sababu anayeyachavusha ni nondo. Na tafadhali tusizikate kwa kudhani zinanyonya mti, hazinyonyi, zimekaa tu pale zinajitengenezea chakula zenyewe. Mbegu zake ni vumbi tupu, hazina akiba yoyote, bila kukutana na kuvu (jamii ya uyoga) wa kuzilisha hazioti, kwa hiyo ukibandua moja usitegemee nyingine itakuja haraka.

Ndo maana nakwambia usipuuze magogo yaliyooza. Siku chache baada ya mvua za masika yapitie, inama kabisa, angalia chini ya kofia ya uyoga kama kuna mikunjo myembamba au vitundu. Ukitaka kujua zaidi kata kofia moja, ilaze kwenye karatasi, funika na glasi usiku kucha, asubuhi utakuta vumbi lenye rangi yake. Ule mkubwa mweupe wa kwenye nyasi ukiacha vumbi la kijani, una sumu. Kula usile chochote ulichookota huko, kuna sumu ambazo hata uchemshe vipi hazitoki.

Piga picha, weka iNaturalist, ile app ya kutambua viumbe, watu watakusaidia jina, ila okidi ficha lokesheni maana wa kuiba wapo. Nenda na mwenzako, vaa buti, na ukiona maji yamebadilika rangi ghafla panda juu mara moja, mvua inaweza kuwa inapiga mlimani wakati mjini jua linawaka.