Namna ya Kuchagua Kozi katika Programu ya Kiingereza ya Chuo cha Marekani

Orodha ya kozi katika programu ya Kiingereza kwa wageni huwa na majina yanayokaribiana sana: kusoma na kuandika, kusikiliza na kuzungumza, sarufi, matamshi, Kiingereza cha biashara, maandalizi ya TOEFL (mtihani wa Kiingereza ambao vyuo vingi huwataka waombaji wa kigeni waufanye). Kabla ya kuchagua, amua Kiingereza hicho unakitakia nini, kwani kozi inayomfaa anayetaka shahada haimfai anayetafuta kazi au anayetaka kuelewana na walimu wa watoto wake.

Anza na suala la viza. Anayeomba viza ya mwanafunzi ya F-1 sharti asome muda wote, yaani angalau saa 18 za darasani kwa wiki, katika programu yenye ithibati na iliyoruhusiwa kutoa fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi aliyekubaliwa ili aombee viza. Madarasa ya watu wazima yanayogharimiwa na serikali hayamhusu. Hayo, ambayo mara nyingi ni ya bure au ya ada ndogo, yanawafaa wakazi na wakimbizi, wakiwamo wengi waliotoka Kongo, na kwa maoni yangu mkimbizi hana sababu ya kulipia programu ya chuo kikuu kabla hajaulizia madarasa hayo.

Hatua inayofuata ni mtihani wa kupima kiwango, ambao kwa kawaida hufanywa kabla ya masomo kuanza. Ufanye bila msaada wa mtu, kwa kuwa anayepandishwa daraja asilolimudu hutumia muhula mzima akifukuzana na wenzake. Uliza pia kama programu inaruhusu kusoma kila stadi kwa kiwango chake. Swali hili lina uzito kwa Mtanzania aliyesoma sekondari kwa Kiingereza: mara nyingi husoma na kujua kanuni za sarufi vizuri kuliko anavyozungumza, na akiwekwa daraja moja kwa masomo yote, ama atarudia anayoyajua au ataachwa nyuma katika mazungumzo. Kwa kuwa "daraja la 4" la chuo kimoja si lazima lilingane na la kingine, omba uelezwe linalingana na ngazi gani ya mfumo wa Ulaya wa kupima ujuzi wa lugha, unaoanzia A1 hadi C2.

Anayekusudia shahada aipe uzito wa kwanza kozi ya uandishi wa kitaaluma, ambamo hufundishwa kujenga hoja, kufupisha maandishi ya wengine na kutaja vyanzo, maana wizi wa maandishi huadhibiwa vikali katika vyuo vya huko. Katika masomo ya hiari, matamshi yana faida kubwa kwetu: Kiswahili kina irabu tano na mkazo wake karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza kina irabu nyingi zaidi na mkazo unaohamahama. Maandalizi ya TOEFL yaache hadi unapokaribia kuomba chuo, kwani matokeo yake hudumu miaka 2 tu.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili na uombe majibu kwa maandishi: je, alama za kozi hizi zitahesabiwa katika shahada, jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki, na je, kufaulu daraja la mwisho kunakubaliwa badala ya TOEFL katika chuo unachokitaka, au ni katika chuo kinachoendesha programu hiyo pekee?