Kuotesha mpapai kwa mbegu za papai ulilokula mwenyewe

Wengi wanamwaga mbegu za papai kwenye udongo zikiwa mbichi hivyohivyo, wanangoja mwezi mzima hakuna kitu, wanasema mbegu mbovu. Mbegu haina tatizo, tatizo ni ule ute. Chukua mbegu moja uiminye kwa vidole, utaona kile kimfuko cha utelezi kinapasuka afu inatoka mbegu yenyewe, nyeusi, ina mikunjo kama pilipili manga. Ule ute ndo unaizuia isiote, kwa hiyo lazima utoke wote.

Ila kabla ya hapo angalia tunda. Papai refu mara nyingi limetoka kwenye mti wenye maua ya jinsia mbili, la mviringo limetoka kwa mpapai jike. Mti wa jinsia mbili ukijichavusha wenyewe mbegu zake hazitoi dume hata moja, ila jike lililochavushwa na dume, karibu nusu ya miche itakuwa madume. Kwa hiyo mimi nachagua refu. Na kama papai ni la mbegu chotara ujue kabisa watoto hawatafanana na mama.

Weka mbegu kwenye chujio, sugua na majivu au mchanga huku unamwagia maji mpaka utelezi uishe, zinazoelea tupa, afu anika kivulini siku moja mbili, sio juani. Jaza viriba (vimfuko vya kuoteshea miche) udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo, fukia mbegu 2 au 3 kina cha sentimita 1 hivi, weka kwenye kivuli chepesi. Zinaota wiki 2 mpaka 4, sehemu za baridi kama Njombe zinachelewa zaidi, usifukuefukue kuangalia. Maji kiasi jamani! Ukizidisha inakuja kinyaushi, mche unasinyaa pale chini usawa wa udongo unalala, na huo hauamki tena.

Ukifika sentimita 15 mpaka 20 hamishia shambani, chana kiriba taratibu mizizi isiguswe, nafasi mita 2.5 hadi 3, na pasiwe mahali maji yanatuama maana mpapai mizizi inaoza haraka sana.

Kama mbegu zako ni za papai la mviringo, panda miche 3 kila shimo na usipunguze mapema. Kuna watakaokwambia dume anajulikana kwa rangi ya mbegu, usiwasikilize, subiri maua, yanakuja kama miezi 4 hadi 6 baada ya kupanda. Dume maua yake madogomadogo mengi yananing'inia kwenye kikonyo kirefu. Hao kata, bakiza mmoja kwa majike kama 10 wa kuchavusha. Jike ua lake kubwa limekaa karibu kabisa na shina, lipanue kidogo uchungulie, utakuta kipapai kichanga kishakaa humo ndani.