Nyakati za Kiingereza, kwa anayetaka kuongoza wageni Fort Jesus

Vijana wanaotaka kazi ya kuongoza wageni hunijia na maneno mengi ya Kiingereza, lakini nyakati zinawapotea mdomoni. Siwapi jedwali. Nawaambia waanze na viambishi walivyozaliwa navyo, -li-, -me-, hu-, -na- na -ta-, kisha wamtafutie kila mmoja mwenzake wa Kiingereza.

-li- ndiye mwepesi, maana ngome yetu imejaa miaka. Wareno walianza kuijenga 1593: "The Portuguese started it in 1593." Waomani waliiteka 1698: "The Omanis captured it in 1698." Vitenzi vingi hutosheka na -ed. Vikaidi kama "built", "took" na "left" havina dawa ila kuvikariri. Kariri vitano kwa siku, ndani ya sentensi nzima, kwa sauti, hata ukiwa kwenye feri ya Likoni.

Kazi kubwa ni -me-, ambayo mwenzake ni "have". Hapa Mombasa twasema "nimekuja jana" na hakuna anayeshtuka, ndiyo maana kijana husema "I have come yesterday". Kiingereza hakikubali. Ukishataja jana, juzi au mwaka jambo lilipotendeka, "have" haina nafasi: "I came yesterday." Lakini jambo likianza zamani na bado lipo, irudishe. Fort Jesus imo katika Urithi wa Dunia tangu 2011: "It has been a World Heritage Site since 2011." Sikiliza hiyo "tangu", ndiyo inayokuita.

Kukanusha nako kunawatesa. Juzi mmoja aliniambia, "The visitors didn't left."

"Mwanangu, nyumbani mwasema 'hawakuliondoka'?"

"La, mwalimu. Hawakuondoka."

"Mbona -li- imetoka?"

"-ku- imeshashika wakati uliopita."

"Basi 'did' ndiyo -ku- yao."

Akasema "didn't leave", na tangu siku ile sijamsikia akikosea. Maswali ni vivyo hivyo: "Did they leave?"

-na- yetu hubeba mizigo miwili, desturi na jambo la sasa hivi; Kiingereza huitenganisha. "Nafanya kazi ngomeni": je, waweza kuweka hu- pale? Ikiwa ni desturi yako, sema "I work at the fort." Ikiwa fundi yuko juu ya ngazi sasa hivi, "He is repairing the wall." Usisahau s ya nafsi ya tatu umoja: "she works". -ta- ni "will" na kitenzi kitupu, basi.

Kesho asubuhi simama langoni na mwenzako. Mweleze nani waliijenga, nani waliiteka, na kwamba Waingereza waliifanya gereza hadi 1958. Kisha mwambie leo ni makumbusho, na mtaingia kuona nini. Akikusahihisha, rudia sentensi hiyo mara tatu kabla hujapiga hatua ya kwenda ndani.