Dondoo kwa wanaoingia changamoto ya kusoma riwaya za kihistoria

Kama mwaka huu umejiandikisha kusoma riwaya za kihistoria, amua mapema kitabu kipi kinahesabika, maana ubishi huanzia hapo. Tuzo ya Walter Scott ya Uingereza, ya riwaya za kihistoria, hutaka sehemu kubwa ya matukio iwe ya miaka 60 au zaidi kabla ya kitabu kuchapwa. Kwa kipimo hicho Peponi ya Abdulrazak Gurnah inapita bila maswali: ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na hadithi yake inaishia Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Kuli ya Adam Shafi je? Ilichapwa 1979, na mgomo wa makuli wa Zanzibar inaousimulia ulikuwa 1948. Miaka 31 tu. Mimi naihesabu, anayetaka kubisha abishe.

Kisha panga vitabu kwa zama vinazozisimulia. Ukisoma viwili vya zama moja mfululizo, cha pili huenda haraka, kwani watawala, sarafu na njia za misafara umeshazijua. Vinene vianze Januari, na Desemba usiipangie kitu, viporo havikosekani.