Kitanda chako cha leo kiko wapi?

Baba yangu alikuwa fundi seremala Keko. Jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, na ukimuuliza siku ilikwendaje atakuambia: kitanda kimoja, sita kwa sita, mninga, kimebaki kupigwa vanishi. Mimi nikaenda kusoma uhasibu. Mwaka wangu wa tatu kazini akanigeuzia swali: "Na wewe mwanangu, leo umetengeneza nini?" Nilikuwa nimekaa kwenye kiti saa kumi nzima. Nikasema, "Nimejibu barua pepe." Mzee alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Haya ninayaandika kwa anayefanya kazi ya kichwa, awe mhasibu, mhariri au mtu wa programu za kompyuta, ambaye mshahara unaingia na bosi si mbaya, lakini Jumapili jioni tumbo linamkata. Kama hujalipwa miezi miwili, au kuna mtu anakutukana mbele za watu, mbinu zangu za kuipenda tena kazi hazitakufaa. Peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Anza na daftari la karatasi, lolote. Kabla ya kuzima kompyuta andika mstari mmoja: leo kipi kimekwisha. Usiandike ulichofanya, maana kufanya tunafanya kutwa. Andika kilichokwisha. Wiki ya kwanza utaona aibu. Mimi niliandika "nimepanga mafaili" siku mbili mfululizo.

Mstari ninaoupenda kuliko yote ni huu: "27,000 imepatikana." Daftari letu la fedha na taarifa ya benki vilikuwa vimepishana kwa shilingi 27,000, na mwenzangu alishapekua risiti tangu asubuhi. Nikaigawa kwa tisa: 3,000, hakuna baki. Tofauti ikigawanyika kwa tisa, shuku kwanza tarakimu zilizopishana nafasi. Sikugusa risiti hata moja. Nilishuka na ukurasa nikitafuta namba ya kugeuza. Hundi ya 96,000 ilikuwa imeandikwa 69,000. Dakika kumi na moja. Siku hiyo nilisimama kituo cha mwendokasi cha Posta katikati ya msukumano, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Baadaye nikasoma kwamba Teresa Amabile wa Harvard na mwenzake Steven Kramer walichambua kumbukumbu za kila siku karibu 12,000, zilizoandikwa na wafanyakazi 238 wa kampuni saba, wote watu wa kazi za kichwa. Katika yote yanayoifanya siku ya kazi kuwa njema, lililojitokeza zaidi ni kuona kazi yenye maana imesogea, hata kama ni hatua ndogo. Niliposoma nilimkumbuka mzee na vanishi yake.

Sasa, ili kitu kiishe, lazima ukikate kiweze kuisha. "Kufunga hesabu za mwezi" hakuishi leo wala kesho. Baba hakuwahi kusema anatengeneza samani. Alisema miguu minne ya kitanda. Kwa hiyo mimi leo ni risiti za mafuta tu, kesho ni mishahara. Na jua siku zako ngumu: kwetu tarehe 7 ni kodi ya mishahara, tarehe 20 ni ritani ya VAT. Karibu na siku hizo sijipangii kazi ya kufikiri, na siumii.

Simu nayo ina lake. Kundi la WhatsApp la ofisi halilali. Nilimwendea bosi nikamwambia hivi, na wewe unaweza kusema hivihivi: "Bosi, naomba kuanzia saa mbili hadi saa nne nisiguswe. Saa nne na dakika tano kila ujumbe utakuwa umejibiwa." Ukiomba utulivu bila kutaja saa ya kurudi, atadhani unataka kulala. Siku ya pili alipiga saa mbili na robo kunijaribu. Simu ilikuwa kwenye droo. Saa nne na dakika tano nilimpigia mwenyewe, na tangu hapo hajanijaribu tena.

Nenda pia ukamwone anayelala kwenye kitanda chako, yaani anayeitumia kazi unayoimaliza. Kwa muda mrefu kurejesha masurufu, zile fedha za safari, kulikuwa kwangu makaratasi yenye madoa ya mafuta, nikiyaweka chini kabisa ya rundo. Safari moja nilipanda gari na dereva wetu kwenda Singida. Njiani alinieleza, bila kulalamika, kwamba safari iliyopita marejesho yake yalipochelewa siku nne alikopa kwa shemeji yake. Aliyeyachelewesha ni mimi, na sidhani kama alijua. Siku hizi makaratasi yake nayashika mapema, na ajabu ni kwamba ndiyo kazi ninayoifanya kwa raha.

Kuna siku mstari utakosa cha kuandikwa. Andika "Hakuna," weka tarehe, nenda nyumbani. Aprili nilikuwa na "Hakuna" saba, na nilipozikagua, zote ziliangukia siku za vikao. Nilimpelekea bosi daftari lenyewe, nikamfungulia kurasa, sikuongeza neno. Aligeuza mbele, akageuza nyuma, akauliza kama anaweza kukaa nalo mpaka kesho. Kikao cha Alhamisi kimefutwa. Cha Jumanne bado tunakipigania.