Somo: Kuhamisha Windows Server kutoka VMware ESXi kwenda Proxmox bila draiva kugombana

Wakuu, salaam.

Tangu Broadcom inunue VMware Novemba 2023 na leseni za kudumu kusitishwa, wengi wanahama kutoka ESXi (mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, yaani VM) kwenda Proxmox, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo, na swali ninaloulizwa ni lile lile: VM imegoma kuwaka, au imewaka lakini haina mtandao. Naliandika hapa mara moja. Ukiulizwa na mwenzako, mtumie uzi huu.

Diski yenyewe mara nyingi haina tatizo. Windows inaamka kwenye mashine yenye kontrola na kadi ya mtandao isizozijua, huku bado imebeba draiva za kule ilikotoka.

1. Chukua bakapu.

2. VM ikiwa bado ESXi, andika pembeni IP, gateway na DNS. Fungua msinfo32, soma BIOS Mode. Legacy inataka BIOS ya VM iwe SeaBIOS kwenye Proxmox, UEFI inataka OVMF. Kama kuna BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), isitishe kwanza na uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi.

3. Ondoa VMware Tools (draiva na zana za VMware ndani ya Windows) ukiwa huko huko ESXi. Kiondoaji chake hukagua kama kiko ndani ya VMware. Ukishahama kinagoma, na mabaki yanakaa humo.

4. Futa snapshoti zote, zima VM kabisa, nakili faili za diski, .vmdk pamoja na -flat.vmdk, kwenda Proxmox, kisha: qm disk import 105 seva.vmdk local-lvm (105 ni namba ya VM uliyoitengeneza Proxmox).

5. Unganisha diski kama SATA, washa, weka ISO ya virtio-win (draiva za Windows za vifaa vya VirtIO, yaani diski na kadi pepe za Proxmox), endesha virtio-win-gt-x64.msi.

6. Hapa ndipo watu wanaangukia, tulieni. Draiva zikishawekwa, mtu anakimbilia kubadilisha diski ya mfumo iwe SCSI, anawasha, anakutana na skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, 0x7B. Usifanye hivyo. Zima VM, weka kontrola iwe VirtIO SCSI single, ongeza diski tupu ya GB 1 kama SCSI, na diski ya mfumo iache pale pale SATA. Washa. Ingia Disk Management uhakikishe ile GB 1 inaonekana. Ikionekana, zima, toa diski ndogo, chomoa ya mfumo kutoka SATA, irudishe kama SCSI. Kisha nenda Options, Boot Order, uitie tiki na kuipandisha juu, maana ukiichomoa inatoka kwenye orodha. Onyo: SCSI hutumia draiva ya vioscsi, VirtIO Block hutumia viostor. Ukijaribu diski ndogo kwa moja halafu ukawasha kwa nyingine, bluu inarudi.

7. Weka kadi ya mtandao ya VirtIO. Windows ikilalamika kwamba IP hiyo tayari imepewa kadi nyingine, ni ile vmxnet3 ya zamani (kadi ya mtandao ya VMware) bado imeishikilia. Device Manager, View, Show hidden devices. Zile zilizofifia chini ya Network adapters, uninstall. Ndipo uandike IP.

MASWALI

— Mkuu yangu inaleta bluu, msaada wa haraka.
Msimbo gani? Hatua ya 6 umeifanya?

— Sijaona msimbo. Niliweka SCSI moja kwa moja.
Rudisha SATA, anza hatua ya 5.

— Samahani mkuu, draiva si tayari imewekwa? Diski tupu inaongeza nini?
Swali zuri sana. Kuwekwa ni jambo moja, kuamka mapema ni jingine. Draiva ya diski ya mfumo lazima ipakiwe mwanzoni kabisa, kabla Windows haijaweza kusoma hiyo diski. Windows ikishaona kifaa halisi kwenye kontrola ile, inaiandikisha draiva iamke wakati huo. Diski ndogo ndiyo inayoilazimisha kufanya hivyo mfumo ukiwa bado umesimama salama kwenye SATA.

— VMware Tools nilisahau, nimeshahama.
Kama VM ya asili bado ipo ESXi, iwashe bila mtandao, ondoa Tools, hamisha upya. Ni haraka kuliko kuchokonoa rejista.

— Na Ubuntu? Inawaka ila mtandao hakuna.
Jina la kadi limebadilika. ESXi mara nyingi ni ens192, Proxmox ens18. Angalia kwa ip a, rekebisha faili lililo /etc/netplan, kisha netplan apply.

— Wenye Rocky na AlmaLinux: ikikwama kutafuta diski, chagua mstari wa rescue kwenye GRUB (menyu ya kuwashia Linux). Ukiingia, endesha dracut --force --no-hostonly --regenerate-all.
Asante mkuu, hiyo ni muhimu. Initramfs (faili la draiva ambalo Linux hupakia mwanzoni) ya kawaida huko hubeba draiva za mashine ilikotengenezewa tu. Ile ya rescue inabeba zote. Ukiweza, endesha amri hiyo kabla ya kuhama.

— Kuna programu yetu leseni imefungwa kwenye MAC address (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao).
Iandike MAC ya zamani kwenye kadi mpya, Proxmox inaruhusu. Ila hakikisha VM ya ESXi imezimwa na haijiwashi yenyewe hosti ikiwaka, la sivyo zote mbili zitagombana mtandaoni.