Kabla ya kushuka Changu: maandalizi ya matembezi ya siku moja Nepal

Mtu wa pwani akisikia Changu, mawazo yake yanakwenda kwa samaki, au kwenye kile kisiwa cha kobe kinachoonekana kutoka Forodhani. Changu ninayoisema mimi haina bahari karibu. Ni kilima kilicho mashariki mwa bonde la Kathmandu, nchini Nepal, na juu yake limekaa hekalu la Changu Narayan, mojawapo ya mahekalu makongwe kabisa ya nchi hiyo. Uani mwake kuna nguzo yenye maandishi ya mfalme Manadeva ya mwaka 464. Tangu 1979 liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na maeneo mengine sita ya bonde hilo.

Nililifahamu kwa Wanepali niliokuwa nikifanya nao kazi Doha. Aliyeishi Ghuba anawajua: wako kwenye kila jengo, kila ghala, na kutoka Doha au Dubai ndege za Kathmandu ni nyingi. Waliniambia likizo ikifika nisikimbilie milima mikubwa. Nilale Nagarkot, kwenye ukingo wa bonde, asubuhi nishuke kwa miguu kupitia vijijini hadi Changu, na nikiwa na nguvu niendelee mpaka mji wa kale wa Bhaktapur. Nagarkot iko mita kama 2,195 juu ya usawa wa bahari, sawa na Limuru hivi. Changu iko kwenye mita 1,540, Bhaktapur mita 1,400, kama Arusha. Ni mteremko karibu mwanzo mwisho. Saa nne au tano kwa mwendo wa kupumzikapumzika, wakasema, hata mama mzee anafika.

Na mama wazee wanafika kweli, nimewaona. Mimi ndiye niliyechelewa. Nilianza baada ya chakula cha mchana, mwisho wa Novemba, nikiwa na chupa ndogo ya maji na simu yenye chaji nusu. Kwenye njia panda moja nikafuata barabara pana iliyochimbwa na katapila, nikidhani pana ndiyo yenye watu, ikanizungusha saa nzima na kuniishia kwenye shimo la mchanga. Nilifika hekaluni giza likiingia. Michongo iliyonitoa Doha niliimulika kwa tochi ya simu, mmoja baada ya mwingine, na kwenye wa nne simu ikazima. Mwaka uliofuata nikarudi, safari hii nikiwa nimepanga siku kinyumenyume, kuanzia hekaluni.

Maana yake ni hii: usiulize utaondoka saa ngapi, uliza unataka kuwa hekaluni saa ngapi na jua liko wapi. Sisi wa Ikweta tumedekezwa. Jua letu linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima, unaweza kulitegemea kuliko basi. Nepal iko nyuzi 27 kaskazini, na mwishoni mwa Novemba jua huzama saa kumi na moja na dakika kama kumi. Likishazama baridi nayo inashuka papo hapo. Kwa hiyo nataka niwe langoni saa saba mchana, nikae saa mbili nzima, nibakiwe na mwanga wa kushukia Bhaktapur. Hesabu hiyo inanitoa Nagarkot saa mbili asubuhi, baada ya kuiona milima ya theluji alfajiri na kunywa chai. Na kama saa yako ni ya mkononi, irekebishe ukiwa bado kwenye ndege: Nepal iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Hizo arobaini na tano hakuna jirani anayezitumia, ila wao wameshazizoea.

Asiye na siku nzima, au mwenye watoto, achukue basi dogo la Nagarkot kutoka Bhaktapur, ashukie njiani Telkot, atembee kutoka hapo. Ni mwendo wa saa mbili hivi hadi hekaluni, na sehemu nzuri ya vijiji bado anaipata.

Kuhusu msimu, chagua Oktoba au Novemba kama una hiari. Mvua za masika yao zinaanza Juni na kuisha Septemba. Wakati huo mashamba ya mpunga ni kijani cha kuumiza macho, lakini njia ni utelezi, mawingu yanaifunika milima, na ruba wanakungojea kwenye nyasi. Ukienda mvuani vaa soksi ndefu, chomeka suruali ndani yake, beba chumvi kidogo kwenye karatasi. Ruba akinyunyiziwa anaachia mwenyewe. Desemba na Januari anga ni safi lakini asubuhi ukungu hulala bondeni kama maziwa yaliyomwagika. Machi na Aprili kuna maua na pia vumbi na moshi, milima huonekana kwa bahati. Angalia vilevile sikukuu ya Dashain, inayoangukia Septemba au Oktoba kwa kufuata mwezi. Siku hizo nchi nzima inarudi kijijini, kama Krismasi ya Wachaga, na kupata kiti kwenye basi ni kazi.

Mwinuko wenyewe usikutishe. Ugonjwa wa mlimani huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi, na hapa hufiki. Wa Nairobi hatahisi kitu. Wa Mombasa au Doha atahema kidogo siku ya kwanza. Tatizo ni magoti. Kushuka mita 650 kwa siku moja, nyingine kwa ngazi za mawe, kunayatia magoti maumivu ambayo kupanda hakuyatii. Viatu viwe vimeshavaliwa wiki kadhaa, vyenye soli ya kushika, na kucha za miguu zikatwe jana yake, la sivyo kidole gumba kitagonga mbele ya kiatu mpaka kiwe cheusi. Fimbo ya mwanzi inatosha.

Maji beba lita moja na nusu, mbili ikiwa kuna joto. Ya bombani na ya chemchemi yaache hata ukiona wenyeji wanakunywa. Maduka madogo yako njiani, ila yamekusanyika pamoja, unaweza kutembea saa nzima bila kuliona hata moja. Chakula cha uhakika ni dal bhat: wali, mchuzi wa dengu, mboga, na pembeni achari, neno ambalo wao hulitamka karibu kama sisi. Nyama kwenye momo, yale maandazi ya mvuke, mara nyingi ni ya nyati wa kufugwa, na Mwislamu hana namna ya kujua nani kachinja, hivyo aagize ya mboga. Nyama ya ng'ombe usiibebe hata ndani ya sambusa. Ng'ombe ndiye mnyama wa taifa wa Nepal na kumchinja ni kosa mbele ya sheria. Chai huitwa chiya, na sukari kwao ni chini. Niliwahi kumwonyesha mama wa duka njia ya mteremko nikisema "chini, chini", akaniletea kopo la sukari.

Pesa taslimu ziwe noti ndogondogo. Hekalu lina ada ya mgeni ya mamia ya rupia, Bhaktapur inatoza zaidi ya elfu moja, na muuza chai hana chenji ya noti kubwa. Katika noti hizo tenga moja ya rupia 10, usiitumie. Sababu tutaikuta mbele.

Sasa njia. Ramani ya simu ipakue kabla, kwa kuwa mtandao hukatika kwenye mabonde, lakini usiiamini peke yake: barabara mpya zinachimbwa kila mwaka na njia za miguu hupotea chini yake au huonekana kama zimekatika. Sentensi ya kubeba ni moja, "Changu jane bato kun ho?", yaani njia ya kwenda Changu ni ipi? Usimwonyeshe mtu njia ukauliza kama ndiyo hii, maana mtu mwenye adabu hapendi kumkatalia mgeni, atakwambia ndiyo. Muulize ipi, akuonyeshe mwenyewe kwa mkono. Mwanamume aliyekuzidi umri mwite dai, kaka. Mwanamke mwite didi, dada. Ukimwita mtu dai hudaiwi chochote, na uso wake unafunguka.

Kwenye vijiji vya Watamang na vya wakulima wengine utapita uani kwa watu hasa, kwa sababu njia ndiyo ua. Mahindi yametundikwa mafungu chini ya paa, mpunga umeanikwa juu ya mikeka. Usiukanyage, hata kama njia yote imejaa. Wanawake wanashuka na matenga ya nyasi mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Aliyekulia Nyeri au Kiambu amewaona bibi zake wakibeba kuni hivyohivyo. Mbebaji akija, wewe simama upande wa mlima umwachie nafasi, maana akikugusa ukiwa upande wa korongo utakayeanguka ni wewe. Picha omba kwanza. Peremende za watoto acha nyumbani. Wameshafundishwa na waliotangulia kukimbilia mgeni na kunyoosha mkono, haina haja ya kuendeleza. Mbwa wapo wengi na kichaa cha mbwa kipo Nepal: usiwapapase, na ukiumwa osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha acha kila kitu utafute chanjo Kathmandu siku hiyohiyo. Penye lami kumbuka magari yao hupita kushoto kama yetu, na pikipiki zao zina haraka kama bodaboda zetu.

Ukifika Changu utapanda kichochoro cha ngazi kati ya nyumba za matofali na wachonga vinyago, halafu ua unafunguka. Kabla ya kuingia, vaa kinachofunika mabega na magoti. Wasio Wahindu hawaingii ndani ya hekalu lenyewe, na hakuna unachokosa, kwa sababu hazina iko uani. Tembea ukilizunguka hekalu likiwa upande wako wa kulia. Kuhani akitaka kukupaka rangi nyekundu kwenye paji na dini yako haikuruhusu, unganisha viganja, tabasamu, tikisa kichwa. Hakuna atakayekasirika.

Jengo la paa mbili unaloliona si la 464. Lilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1702, na tetemeko la Aprili 2015 likalitikisa tena. Kongwe ni mawe. Mbele ya mlango wa magharibi amepiga goti Garuda, ndege ambaye ni kipando cha mungu Vishnu, mwenye uso wa mtu na nyoka shingoni, viganja vimeunganishwa. Jirani yake ndiyo nguzo ya Manadeva. Zunguka ua utafute jiwe ambalo Vishnu amempanda Garuda aliyekunjua mbawa, kisha toa ile noti yako ya rupia 10 uiweke sambamba. Ni yeye. Watu wananunulia njugu sanamu hii kutwa nzima bila kuitazama.

Jiwe lililonirudisha ni la Vikranta, yaani Vishnu akipiga hatua, la karne ya 7 au ya 8. Vishnu alimjia mfalme Bali akiwa na umbo la mbilikimo, akaomba ardhi ya hatua tatu tu. Mfalme akakubali. Mbilikimo akakua: hatua ya kwanza ikafunika dunia, ya pili mbingu, ya tatu ikamshukia Bali kichwani. Mchongaji amemkamata mguu ukiwa hewani, umenyooshwa hadi usawa wa kiuno na kupita, huku watu wadogo chini wakishangaa. Aliyenunua kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini Mbagala, akasubiri muuzaji aje na miguu yake kupima, ataelewa kosa la mfalme. Jiwe hili linataka mwanga wa ubavuni. Saa sita jua likiwa juu kabisa michongo inalala bapa, na usiku kwa tochi unaona kipande tu. Saa nane mchana, Novemba, kivuli kinaingia chini ya ule mguu na jiwe linaanza kutembea.

Kutoka hapo Bhaktapur ni mwendo wa saa moja na nusu kupita mashambani, au basi dogo kama magoti yamekataa. Uliza mapema basi la mwisho ni saa ngapi. Jumamosi, siku yao ya mapumziko, mabasi hujaa mahujaji na wapenzi. Mimi nilishuka kwa miguu, nikaingia mjini saa kumi na moja kasoro, nikaagiza juju dhau, mtindi mzito wa Bhaktapur unaogandishwa kwenye bakuli la udongo. Udongo unanyonya maji ya maziwa, ndiyo maana kijiko kinasimama. Niligeuza bakuli juu chini kuhakikisha, muuzaji akacheka, akaniongeza la pili kabla sijaomba.